Nilitafsiri "support" vibaya sokoni Ludara, mbunge akachangiwa kuku

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hii si ya kusikia kwa mutu. Niliona na macho yangu, na kosa lenyewe nilifanya na mdomo yangu. Kama naongeza chumvi, boda yangu ipasuke tairi zote mbili leo.

Mimi iko kijana wa Onduparaka, Arua. Shule niliachia P7, darasa la saba. Kizungu yangu yote nilipata kwa watangazaji wa mpira kwa redio. Niulize habari ya offside, nakujibu kama profesa. Ukitoka hapo, naanza kukisia.

Sasa. Iko Onorebo mmoja wa upande wa Koboko, sisi huku mbunge tunaita hivyo. Mama mzuri, hana maringo, ila alikulia Kampala. Kikakwa, lugha ya huko Koboko, anajua ya salamu tu, Kiswahili hana kabisa. Alikuwa anagombea kurudi Bungeni, na mutu wake wa kutafsiri akahamia kwa mpinzani siku mbili kabla ya mkutano wa Ludara.

Dereva wake, Taban, ni jirani yangu. Akanipigia simu.

"Wewe si unajua Kizungu?"

"Tunajuana," nikamjibu.

Njiani akaniambia ukweli. Kampeni imekauka. Mafuta iko ya kufika Ludara, ya kurudi hakuna. Na Ludara ndio inaamua: wakimkataa pale, Onorebo anaenda nyumbani kufuga bata.

Mpinzani alikuwa amepita wiki ile ile, anagawa sabuni na chumvi. Kwa hiyo tulikuta soko imejaa, kila mutu na mfuko mtupu, ametega.

Onorebo akashika maiki. Akasema kwa mambo ya ushuru wa soko, "my position" iko wazi.

Nyinyi mliosoma mnajua hiyo ni msimamo. Mimi position naijua ya uwanjani. Nikasema:

"Onorebo anasema kwa ushuru yeye anacheza namba tano. Beki wa kati. Hapiti mutu."

Soko ikalipuka makofi. Onorebo akatabasamu, akaona kumbe Kiswahili ni lugha tamu hivi.

Na kweli alikuwa anasema vitu ya maana. Kwamba mama mwenye beseni moja ya muhogo asitozwe sawa na mwenye lori. Hiyo nilitafsiri sawasawa, maana hata mamangu iko na beseni.

Halafu ikafika sehemu ya sabuni. Akasema hana cha kugawa, anaomba tu "your support".

Wakuu, hiyo neno mimi najua. West Nile nzima, kila bomba ya maji, kila choo ya shule iko na kibao: imejengwa with support from fulani. Support ni msaada. Nikanguruma:

"Onorebo hana sabuni. Hana kitu. Anaomba nyinyi mumpe msaada."

Mikono yenye mifuko ikashuka. Hata mbuzi zikaacha kutafuna. Mzee mmoja mbele akauliza polepole, "Anaomba sisi?"

Taban alishaanza kurudi nyuma kuelekea gari.

Ndipo akasimama Mama Kiden, muuza muhogo. Sauti yake, akiita mutu Ludara, mpaka kule mbali Lobule wanaitika. Ameshika kuku miguu.

"Miaka yote wanakuja kutugawia, kama sisi ni waombaji wa barabarani. Leo mmoja ameomba sisi. Basi na sisi ni watu."

Akaweka kuku kwa mikono ya Onorebo. Kuku ikafanya ilichofanya kwa ile suti. Hiyo tuache.

Baada ya hapo ikawa kama harusi. Muhogo, maharage, mutu mmoja akatoa kengele ya baiskeli. Mkongomani anayeuza petroli kwa chupa akatumiminia kwa tangi: "Mutu anaomba muzuri hivi, utamunyima?" Dada mmoja mkimbizi wa South Sudan akaleta karanga: "Kura sina hapa, lakini ushuru nalipa."

Onorebo akaniuliza kwa sauti ndogo nimewaambia nini.

"Support, madam."

Akaangalia kuku na muhogo, akaelewa: yeye aliomba kuungwa mkono, mimi nimemuombea vitu. Akataka kurudisha vyote. Mama Kiden akakataa.

"Hapana, Onorebo. Kuku yangu sasa iko ndani ya hiyo kampeni. Wewe si namba tano? Sema mbele ya watu kama utazuia."

Hiyo nikamtafsiria neno kwa neno. Hapo ndio wanasiasa wanasemaga "tutaangalia". Niliona kabisa hiyo tutaangalia imefika kwa meno yake. Akaimeza. Akaniambia nimfundishe neno, akarudi kwa maiki mwenyewe.

"Mimi nazuia."

Kiswahili yake ya kwanza. Watu walishangilia mpaka kuku ikamponyoka, tukaikimbiza soko nzima, Taban mbele.

Onorebo alishinda pale Ludara, na kiti akapata. Mambo ya ushuru bado anapigana, haijaisha. Lakini kila akija, Mama Kiden anamsimamisha: "Kuku yangu imesema nini Bungeni?" Na lazima ajibu, kwa Kiswahili ya kuokotaokota.

Juzi aliingia Ludara na pikapu yake. Kwa mlango wameandika rangi nyeupe, kama kibao ya bomba: KWA MSAADA WA MAMA KIDEN NA WATU WA LUDARA.

Mama Kiden hajui kusoma. Akaniita, "Mtafsiri, wameandika nini?"

Nikamsomea. Akasema rudia. Nikarudia.

"Na hii haujakosea?"

"Hii sijakosea, Mama."

Akakaa pembeni ya ule mlango na beseni yake, akauza muhogo hapo hapo mpaka gari ikaondoka.

Mimi nilichojifunza: aliyekupa sabuni, ukimuuliza swali anakuambia si umeshaoga. Lakini uliyempa kuku, unamuuliza mpaka achoke.

Haya wakuu, wa kwenu anacheza namba ngapi, na kuku gani iko ndani? Mwageni hapa chini. Na mwenye kazi ya kutafsiri, mimi iko.