Vipande Arobaini na Kimoja

Kazini walimwita Mama Dakika, lakini mbele yake aliyethubutu ni fundi wa maabara peke yake. Hao wawili walianza kazi siku moja, kwa hiyo utani ulikuwa ruksa.

Mama Dakika alichunguza msuli wa mfuko wa uzazi. Wanawake waliojifungua kwa upasuaji hospitali ya jirani, wakikubali na kutia sahihi, walitolewa kipande kisichozidi punje ya mchele, kikaletwa kwenye kiboksi cha barafu. Yeye alikifunga uzi huku na huku, akakitundika ndani ya bomba la kioo lenye maji vuguvugu ya chumvi. Pampu ilibadilisha maji kila nusu saa na kudondosha tone moja la oksitosini, homoni inayouamuru mfuko wa uzazi ujikaze mpaka mtoto atoke. Kipande kikijikaza, mstari kwenye kompyuta ulipanda kilima. Kisipojikaza ndani ya dakika sitini, aliandika daftarini "mfu" na kukitupa. Kanuni hiyo aliitunga mwenyewe miaka sita nyuma, na hakuwa na simile nayo.

"Hata mkate unasubiriwa uumuke," fundi alimtania.

"Mkate hauharibu takwimu," alijibu.

Jumanne hiyo alikuwa mchangamfu kupita kawaida yake. Ripoti ya miaka sita ilikuwa tayari, Ijumaa ingekwenda kwenye jarida. Ilisema kwamba mwanamke hata akiwekewa dripu ya homoni kwa saa nyingi, msuli wake huiitikia vilevile. Kipande cha asubuhi kilikuwa cha kukamilisha idadi tu. Dakika sitini zikaisha, mstari umelala. Alikuwa ameshika kalamu simu ilipolia. Ni kaka yake. Binti wa kaka huyo, mimba ya kwanza, alikuwa kwenye dripu tangu jana, na sasa uchungu umekatika, anapelekwa kupasuliwa.

"Si wewe ndiye mtaalamu wa mambo haya?" kaka alisema. "Njoo basi."

Mtaalamu akatoka mbio na koti la maabara mwilini, pampu nyuma yake ikiendelea.

Mtoto alitoka salama, wa kike, na kilio cha mtu anayedai haki yake. Mama yake alikuwa ametulia akitazama dari.

"Shangazi, mwili wangu una kasoro gani? Wenzangu wote humu dripu imewasaidia. Wangu umegoma."

Kwa mujibu wa ripoti ya shangazi, jambo hilo halikutakiwa kutokea. Aliona aibu, akasingizia kazi, akaondoka.

Saa tisa alasiri alimkuta fundi amesimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni.

"Maiti wako amefufuka," fundi alisema.

Mstari ulikuwa umelala saa tatu nzima. Kisha kilima kidogo, kingine, halafu vilima virefu vilivyofuatana vizuri mpaka mwisho wa skrini. Mama Dakika alikaa kitini bila kuvua koti. Akaisoma fomu ya mwenye kipande: alikuwa kwenye dripu saa kumi na nne. Basi msuli ule haukuwa umekufa. Ulimwagiwa homoni mpaka chembe zake zikaifungia milango, na ulipopumzishwa na maji mapya kati ya tone na tone, ukaifungua tena.

Akavuta daftari. Vipande mia moja na sitini, wafu arobaini na kimoja. Fundi alisoma fomu kwa sauti, yeye akatia alama. Kati ya wale wafu, thelathini na sita walitoka kwa wanawake waliokaa kwenye dripu zaidi ya saa kumi. Yaani aliwahesabu walioitika tu, kisha akatangaza kwamba wote huitika. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angefelishwa kwa hilo.

"Na ripoti?" fundi aliuliza.

"Haiendi."

"Mkuu atakutoa roho."

"Aitoe."

Mkuu wa kitengo hakuitoa, ila alifoka mpaka katibu akafunga mlango. Miaka sita! Awaambie nini wakubwa? Mama Dakika alimwambia awaambie kwamba alitupa vipande alivyopaswa kuvisubiri, na kwamba anaanza upya.

Alhamisi alirudi wodini. Alipakata mtoto, akamweleza binti wa kaka yake yote, bila kujipendelea: msuli wake haukuwa na kasoro, ulichoka kuamrishwa, na wapo wengi kama yeye.

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Na kipande changu kingeletwa kwako wiki iliyopita, ungekisubiri?"

Shangazi alimtazama mtoto aliyelala mikononi mwake.

"Hapana," alisema. "Ningekitupa."