Siku Mjomba Aliponinawisha Mikono

Siku niliyonawishwa mikono na mjomba wangu naikumbuka, mwanangu, kuliko siku yangu ya ndoa. Siku ya ndoa nilikuwa nimevaa joho la kuazima na njaa imenishika, basi. Ile nyingine naikumbuka mpaka ubaridi wa yale maji.

Usinitazame hivyo. Jana nilikuwa nimekaa barazani wakati wewe na wageni wako wa shule mlipokuwa mkipanda kutoka gatini. Nilisikia walivyokuuliza habari za yule mama aliyekuwa nyuma yenu na kapu la samaki, buibui lake limechanika upindo. Ukasema ni jirani tu. Yule ni mamako, kijana wangu, na sauti yako haikuwa ndogo. Sitakugombeza, maana mimi sina uso wa kumgombeza mtu kwa jambo hilo. Kaa nikueleze kwa nini.

Mjomba Famau alikuwa ndugu yake mama wa tumbo moja. Babangu alifariki nikiwa bado natambaa, na mjomba ndiye aliyetuchukua mimi na mama tukakaa kwake hapa Amu, mnayoiita Lamu. Alikuwa akifanya biashara ya ngozi, mtu mnene, kicheko chake kikisikika mtaa wa pili, na kula alikupenda sana. Alikuwa na rafiki Mtaliani, mnunuzi wa ngozi, tukimwita Sinyori. Mwaka mmoja, kabla ya ile vita kubwa ya Wadachi na Waingereza, Sinyori alishikwa na homa mbaya. Mjomba akamlaza nyumbani kwetu, akamuuguza kwa mkono wake mpaka akasimama. Alipopona, Sinyori aliapa kwamba lazima mjomba aione nchi yao, atembezwe miji yake na alishwe mpaka ashindwe. Mjomba akamwambia hilo la kushindwa asilitegemee.

Nami nikachukuliwa niwe mkalimani, kwa kuwa nilikuwa nikifanya kazi dukani kwa Sinyori na Kitaliani nilikuwa nimekiokota humo. Siku ya kuondoka mama aliniita kando. "Mwangalie mjombako," akaniambia. "Huko uwendako hana mtu illa wewe."

Meli ikatushusha Napoli. Sinyori akaninunulia suti na kofia, na tangu nilipojiona kwenye kioo cha lile duka sikuwa na akili tena. Mjomba alikataa suti. Alisema tumbo lake halipendi kufungwa vifungo, akabaki na kanzu yake, kilemba na makubadhi.

Huko Napoli watu walikuwa wakila tambi barabarani, wamesimama, kwa mkono! Mtu anainua fungu la tambi juu ya kichwa, anafunua kinywa, anaziteremsha. Mjomba alipoona alifurahi kama aliyekutana na jamaa. "Hawa ni watu wa kwetu!" akasema, akatwaa sahani yake, akapiga bismillahi, akaingia kazini. Tambi zikamnasa kwenye ndevu, watu wakapiga makofi, naye akawainamia kama bwana harusi. Mimi nilivuka nikasimama upande wa pili wa barabara, nikijifanya natazama saa ya mnara. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, ila sikuujua jina.

Roma ilikuwa vivyo hivyo. Sinyori alituonyesha majumba ya kale yaliyobomoka, mjomba akatikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe nao wana Takwa yao," akasema, akiyakumbuka magofu yetu ya kisiwani Manda, na akataka kujua ni nani aliyeacha majani yaote kiasi kile. Alionja maziwa ya barafu, akashika shavu, akapiga ukelele kwamba yanauma kama jino bovu, kisha akaomba mengine. Na kwa kuogopa haramu alikuwa amejifunza jina la nguruwe kwa Kitaliani. Kila hoteli tuliyoingia alilitaja kwa sauti pale mlangoni, akitikisa kidole, mpaka mpishi atoke kuapa. Sinyori alikuwa akicheka mpaka machozi. Mimi masikio yalikuwa yakiniwaka moto.

Kisha Sinyori akazuiwa Roma na shughuli za nduguze, akatupandisha garimoshi la kwenda Venezia, naye atatufuata. Humo garini nikajuana na vijana watatu, kaka wawili na dada yao, watu wa nguo nzuri. Walipenda Kitaliani changu, wakapenda kofia yangu, wakaniuliza mengi, nami nikajibu kwa madaha. Mjomba alikuwa amelala pembeni anakoroma. Tulipofika wakatualika tule nao jioni, ila mzee ni nani kwangu hawakuwa wameuliza.

Venezia, mwanangu, ni mji uliojaa maji pale panapostahili kuwa njia. Mjomba aliutazama akaridhika kabisa. "Hii ni Amu tupu," akasema. "Zichochoro ni zizo hizo, illa mai yamekataa kutoka."

Jioni tukaingia hoteli yenye taa nyingi. Wale vijana wakanywa mvinyo wao, sisi tukaletewa maji kwenye jagi. Wakaleta wali mweusi, umepikwa kwa wino wa ngisi. Mjomba alishangaa ngisi kufika mbali vile, akavuta kiti, akakunja mkono wa kanzu. Halafu akanigeukia, kama alivyonigeukia kila siku tangu nilipoweza kubeba birika.

"Kiyana, nipa mai ninawe."

Unajua ada yetu. Mdogo ndiye huinuka akamwagia mkubwa maji mikononi, na wakubwa hawaombi mara mbili. Mimi sikuinuka. Nilijifanya sikusikia, nikashika uma. Watu wa meza za jirani walikuwa wameshaanza kutuangalia, mmoja anamgusa mwenziwe kwa kiwiko. Yule dada akaniinamia akaniuliza mzee huyu ni nani, ni babangu?

Nikasema, "Hapana. Ni mtumishi wangu."

Neno hilo katika Amu ya wakati ule, mwanangu, lilikuwa zito kuliko unavyolisikia wewe leo. Kulikuwa na watu mtaani kwetu waliokuwa wametoka utumwani juzi tu. Mimi nililisema nikitabasamu.

Mwandazi wa hoteli alilisikia pia. Akaja kwa adabu, akainua sahani ya mjomba, akaipeleka kwenye kijimeza kilichokuwa kando ya mlango wa jikoni, akamwashiria ahamie huko. Mjomba akaitazama sahani ikienda. Akanitazama mimi. Kitaliani kidogo cha biashara alikuwa nacho tangu safari zake za Barawa kwa Wataliani wa Somalia, lakini hata angekuwa hana, uso wangu ulikuwa umeshamwambia.

Aliinuka, akachukua jagi la maji na bakuli tupu, akaja akasimama ubavuni pangu, akainama na tumbo lake lile.

"Nawa, bwana wangu," akasema.

Nikanyosha mikono! Mpaka leo najiuliza kwa nini sikuanguka chini nikamshika miguu. Nilinyosha mikono, naye akanimwagia taratibu, kwanza wa kulia kisha wa kushoto, kama alivyokuwa akinifanyia nilipokuwa mdogo. Wale vijana wakaniambia nina bahati ya kuwa na mtumishi mwema. Mjomba akaenda kula kwenye kijimeza chake. Aliumaliza wali wote, na mimi sikuweza kumeza hata tonge.

Asubuhi nilimkuta mlangoni amesimama, kofia yangu mkononi anaipangusa vumbi. Akanibebea mfuko, akatembea nyuma yangu. Nikisimama, anasimama. Tulifika kwenye kichochoro kisicho na mtu, nikageuka, nikamwambia, "Mjomba, nisamehe, nimekosa."

Akaweka mfuko chini. "Mimi sikukasirika kwa kuitwa mtumishi. Watumishi ni watu, na wangine wanipita kwa mengi. Mimi nawaza mamako. Alinipa mwana nimtembeze, sasa sijui nitamrudishia nani."

"Basi niambie nifanye nini."

"Uliyanena mezani, mbele za watu. Wataka kuyafuta hapa, mimi na wewe na ukuta?"

Nilikimbia kuwatafuta wale vijana. Nilikuta wameshaondoka kwenda kwao, na kwao sikukujua.

Sinyori alipofika, mjomba alicheka naye, akala naye, wala hakumwambia neno. Ila safari nzima ya kurudi, kila wakati wa kula, alikuwa ameshanawa mwenyewe kabla mkono wangu haujafika kwenye maji. Nami nilikuwa naogopa kurudi nyumbani kama mwizi.

Tulipofika Amu wazee walikuja kumpa mjomba hongera ya safari. Ukumbi ulijaa, masinia ya wali na samaki wa kupaka yakawekwa. Nami ndiye niliyekuwa mdogo. Nikatwaa birika na bakuli, nikawanawisha wote, nikafika kwa mjomba. Mikono yake ilikuwa mapajani. Hakuinyosha.

"Mjomba, nawa," nikasema.

Hakuwa na hasira usoni, alikuwa anangoja tu. Wazee wakaacha mazungumzo. Mzee mmoja akauliza, "Famau, kuna nini?" Mjomba akasema, "Muulize kiyana." Na nyuma ya pazia nilijua mama yuko na wanawake wenziwe, wanasikiliza.

Basi nikasema. Nilisimama na lile birika nikasema nilivyoulizwa na nilivyojibu, na nani aliyemnawisha nani. Sauti ilinitoka nusunusu. Nilipofika kwenye lile neno, nilisikia nyuma ya pazia chombo kimewekwa chini kwa kishindo. Hakuna mzee aliyenitazama. Wote walikuwa wakitazama mikeka.

Mjomba akanyosha mikono.

"Haya, mimina. Wali wapoa."

Nikammiminia, na machozi yangu yakaingia humo humo kwenye bakuli. Kisha akaanza kuwasimulia tambi za Napoli, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu, isipokuwa mimi. Yeye alinisamehe palepale. Mama alikaa muda mrefu akiniwekea chakula bila kunitazama, na alipofariki nilikuwa sijajua kama aliacha kuona haya kwa ajili yangu. Kila kijana anaponimwagia maji mikononi, mpaka wewe, narudi kwenye ile meza.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Aliyekulea usimwonee haya kwa nguo yake wala kwa ulaji wake, maana yeye alikupangusa uchafu wako mbele ya watu na hakukukana. Na ukishamkana mbele ya watu, usiende kumwomba radhi jikoni. Mtaje palepale ulipomficha, na waliosikia la kwanza wasikie na la pili. Usikawie. Mimi wale vijana watatu waliondoka na uongo wangu, na sikuupata tena kuurudisha.

Wageni wako bado wapo ukumbini, wanangoja chakula, na aliyekipika unamjua. Birika lile pale kando ya mlango. Mwite mamako, mnawishe mbele yao, uwaambie ni nani. Mungu akuwekee radhi zake ukiwa safarini na ukiwa nyumbani, ayafanye mepesi yaliyo mazito kwako, na akujaalie watoto watakaokutaja kwa sauti. Inuka sasa. Amin utaitikia ukiwa na birika mkononi.