Baba Anachoma

Fundi Cheche alikuwa mtu wa maneno machache na moto mwingi. Jina hilo alipewa na wenzake wa karakana, kwa kuwa akishika mashine ya kuchomelea vyuma, cheche humrukia mpaka kwenye ndevu naye wala hapepesi macho. Mageti, madirisha, vitanda, mikokoteni, vyote vilipita mikononi mwake, na mikono yenyewe ilijaa makovu ya kuungua hadi kwenye viwiko. Kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake wa pekee mpaka akavaa joho, na siku ya joho Cheche alilia mbele za watu bila kujificha.

Basi binti alipokuja nyumbani na habari kwamba wakwe watarajiwa wanawaalika kwao kwa sikukuu wanayoifanya kila kiangazi, Cheche alifurahi kupita kiasi. Furaha ikakatika binti alipoongeza neno.

"Wanataka wewe ndiye uchome, baba."

"Nichome nini? Geti lao limevunjika?"

"Nyama, baba. Na kuku, na samaki, na vitu vya kisasa kisasa. Mama yake mchumba wangu anasema mwaka huu haajiri mpishi, maana anapata mkwe bingwa."

Mkewe Cheche alikuwa anachambua mchele. Akaacha. "Bingwa gani? Huyu? Huyu hata yai la kuchemsha linamuungulia!"

Binti akatazama sakafu, ikabidi aseme yote. Yule mama alimuuliza, baba yako anafanya kazi gani, naye akajibu, baba anachoma. Mama akadakia: aa, nyama! Ana hoteli yake? Binti akaitikia kwa kichwa.

"Sikudanganya," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisema unachoma. Sikusema unachoma nini."

Kama lingekuwa kosa la ulimi, Cheche angelicheka mpaka mbavu zimuume. Lakini binti yake alikuwa msomi, na ulimi wake haukuwa na kigugumizi. Mtu husema "fundi wa kuchomelea vyuma" kwa pumzi moja tu. Huyu alikata maneno katikati kwa makusudi. Kwa nini? Swali likamjia Cheche: mwanangu ananionea haya? Hakuliuliza. Aliogopa jibu, na hofu hiyo hakuwahi kuipata hata siku mtungi wa gesi ulipolipuka karakanani.

"Mpigie simu huyo mama umwambie ukweli, yaishe," mkewe alimwambia Cheche, binti alipotoka.

"Nimuumbue mwanangu kwa wakwe? Siwezi."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitajifunza."

Akachukua pipa, akalipasua katikati kwa urefu, akalichomelea miguu na wavu, likawa jiko la maana. Hapo ndipo ufundi wake ulipoishia. Kuku wa kwanza alitoka nje mkaa, ndani bado anataka kuwika. Paka wa jirani alikuja, akanusa, akaondoka kwa heshima zake. Samaki aling'ang'ania wavu akabaki nusu. Cheche alizoea moto wa kuyeyusha chuma. Huu wa kusubiri, wa kupepea polepole, ulimtoa jasho na kumpandisha hasira.

"Wewe unatafuta miali," mkewe alimfokea huku akimnyang'anya koleo. "Chakula hakitaki miali. Ngoja makaa yaive!"

Binti naye alikuja kila alipotoka kazini, na mapishi kwenye simu yake. Nanasi la kupakwa asali na pilipili. Mishikaki ya samaki na vipande vya embe. Ndizi mbivu zinazopasuliwa, zinatiwa chokoleti, zinachomwa na maganda yake. Halafu akataja tikiti maji.

"Tikiti maji? Kwenye moto?" Cheche aliduwaa. "Limemkosea nani?"

Wakacheka wote watatu, na kwa kitambo kidogo nyumba ikawa kama zamani. Cheche akafikiri, sasa atasema. Sasa ataniambia, baba, tuache huu upuuzi, nitawaambia wewe ni nani. Binti akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Baba, shati la mikono mirefu unalo?"

"Kwa joto hili?"

"Linapendeza tu. La heshima."

Mkewe akataka kusema neno. Cheche akamkata jicho asiseme.

Sikukuu ikafika. Nyumba ya wakwe ilikuwa na bustani ya majani mafupi, meza zimetandikwa vitambaa vyeupe, na watu wamekaa vivulini wameshika glasi za maji ya matunda. Cheche alisimama mbele ya pipa lake na shati limefungwa vifungo hadi kwenye vifundo vya mikono, makovu hayaonekani, jasho likimtiririka mgongoni. Mkewe alimpitishia vyombo huku akinong'ona, "Geuza. Bado. Geuza sasa." Kuku aliiva. Nanasi likapata rangi ya dhahabu, samaki akabanduka mzima, na hata lile tikiti maji watu waliligombania. Mchumba wa binti alipiga makofi. Binti alikaa karibu na mama mkwe, macho yake hayabanduki jikoni.

Mama mkwe akaja na sahani yake. Hakuwa mtu mbaya. Alicheka kwa urahisi na alimwita Cheche mkwe tangu mlangoni.

"Mkwe, hongera! Mkono wako una baraka. Kama yule fundi aliyenitengenezea geti angekuwa na nusu ya ustadi huu! Mafundi wa kuchomelea wa siku hizi, mh! Hawana maana kabisa." Wageni wakacheka. "Sasa tuambie, hoteli yako iko mtaa gani? Tuwe tunakuja."

Cheche alimtazama binti yake kupitia moshi. Alimpa nafasi, tena ndefu, mpaka kicheko kikaisha na watu wakaanza kumwangalia. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Hata kama lingekuwa baya, angelipokea.

Binti alikuwa ameushika ukingo wa meza. Akainamisha macho, akaanza kunyoosha kitambaa.

"Niliifunga, mkwe," Cheche akasema. "Umri umekwenda. Siku hizi nachoma kwa ajili ya mwanangu tu."

"Oo, pole! Hasara yetu sisi!" Mama mkwe akachukua kipande kingine cha nanasi, akarudi kivulini.

Mkewe alimgeuzia Cheche mgongo, akajifanya anapanga sahani. Binti akaja mbio mbio, uso umemnawiri kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akamkumbatia baba yake mbele ya wakwe wote, akaweka mdomo sikioni mwake.

"Asante, baba," alinong'ona.

Toka utotoni binti alimshukuru kwa viatu, kwa ada, kwa joho, na kila mara Cheche alitembea wiki nzima akijiona mtu wa maana. Safari hii alimpigapiga mgongoni, akamwambia arudi kwa wageni kabla chakula hakijapoa.