Herufi Y ya Mama Klotilda

Enzi zetu, Mwingereza bado anatawala, pale shule ya misheni Tabora tulificha matobolwa mifukoni, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, mpaka sare zikanuka. Na tulisoma kwa sauti. Wajukuu zangu wakisoma husikii kitu, utadhani wanavizia panya.

Mama Klotilda, sista Mfaransa aliyetufundisha kushona, macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Barua za kwao zilipofika kwa treni hakuweza kuzisoma, wala hakutaka masista wenzake wayajue ya familia yake. Akanichagua mimi, binti wa mkulima wa Goweko, nimsomee Kifaransa nisichokielewa hata neno moja. Alinifundisha sauti tu.

Herufi y ilinitesa. "Ikisimama peke yake ni irabu, Yulita, isome i," aliniambia. "Ikitangulia irabu ni konsonanti, kama kwenye yai. Ikibanwa katikati ya irabu mbili, inafanya kazi zote mbili." Nikikosea, rula vidoleni. Nikipatia, kipande cha sukari guru.

Alasiri moja ikaja barua ya kaka yake. Nilisoma taratibu, nikijiona msomi kwelikweli. Nikafika kwenye neno yeux, nikalianza kwa i.

"Hapana," akanikatiza. "Hapo ni konsonanti. Rudia sentensi nzima."

Nikarudia kwa sauti kubwa, y imekaa barabara, nikainua uso kungoja sukari guru. Mama Klotilda alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili.

"Mama, nimekosea tena?"

"Hapana, mwanangu. Umesoma vizuri. Nenda."

Nikatoka mbio kuwatambia wenzangu kwamba leo sikuchapwa.

Jumapili padre akatangaza misa ya kumwombea mama yake Mama Klotilda, aliyefariki huko Ufaransa. Baada ya misa nikamwendea Mama Klotilda nikamwuliza ile sentensi ilisema nini.

"Ilisema, mama amefumba macho," akajibu. "Yeux ndiyo macho."

Nililia kuliko yeye. Hakuniita tena. Barua zilizofuata alizifungia kabatini bila kuzifungua, mpaka siku walipomrudisha kwao, akishikwa mkono kupanda treni.

Siku hizi msiba huingia kwenye simu. Kijana anausoma akitembea, anabonyeza kikatuni cha machozi, jioni keshaufuta. Labda wamepata nafuu. Mimi ile sentensi ninayo yote, neno kwa neno, na naitamka bila kosa.