Wekundu Uliommeza Mumbua

Siku ile tulikuwapo watano: Mwaitu, maana ndivyo tulivyomwita mama, mimi, kifungua mimba wake, Kioko anayenifuata, Mumbua, kitinda mimba, aliyekuwa bado ananyonya, na Mzee Nzioka, mpiga picha wa soko la Kalamba, kamera ikining'inia shingoni.

Wenzangu mliokua enzi za filamu mnajua picha ilikuwa shughuli. Tulisuguliwa magoti kwa jiwe, tukapakwa mafuta mpaka tukang'aa. Kioko alivaa viatu vya jirani vilivyojazwa karatasi mbele. Kucheka kulikatazwa.

"Simameni kama watu wenye kwao," Mwaitu alisema, akampakata Mumbua, na kamera ikalia mara moja tu. Vijana wa leo hupiga chai picha kumi mpaka inapoa.

Mzee Nzioka alikaribishwa jikoni kula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, akaiacha kamera kwenye kiti ndani ya nyumba. Nami nilikuwa nimetamani siku nyingi kujua rangi zinakaa wapi humo. Niliamini zimepangwa kama kalamu za rangi kwenye pakiti. Nikavuta kitu cha pembeni, mgongo wa kamera ukafunguka. Hapakuwa na rangi, ila utepe wa kahawia tu. Nikafunga upesi, nikaenda kufagia uwanja ambao nilikuwa nimeshaufagia asubuhi.

Tulingoja wiki nyingi filamu ijae, ipelekwe kuoshwa. Siku Mzee Nzioka alipoileta picha, alikuja polepole kama mtu mwenye habari za msiba. Akasema mwanga umeingia, kamera yake imezeeka. Uso wa Mwaitu ulikuwa safi. Lakini kuanzia kifuani kwenda chini, wekundu ulikuwa umetanda kama vumbi la barabarani lori likishapita. Mumbua hakuonekana kabisa.

Mwaitu aliitazama muda mrefu. "Ni kama jua limenikalia mapajani," akasema. Mimi nikachukua tena ufagio.

Mwanzoni wekundu ule ulikuwa aibu yangu. Mwaitu alipofariki mwaka uliofuata, nikaacha shule darasa la saba ili niwalee hawa wawili, ukageuka hofu, kwa sababu hatukuwa na picha nyingine yake. Ilichukua miaka mingi ndipo nikaushangaa. Mwanga ulioingia mle ulikuwa wa nyumba yetu, wa alasiri ileile, Mwaitu akiongea jikoni huku akipakua chakula. Kamera ilishika uso wake, kisha ikashika na alasiri yenyewe. Hadi leo nikiishika picha hiyo mikono hunitulia.

Mumbua sasa ameolewa kule mjini Kwa Vonza. Simu yake imejaa picha za mwanawe, na mtoto huzifuta kwa kidole akicheza, wala hakuna anayeshtuka. Sisi moja ilitulea watatu.

Juzi Mumbua alikuja kunitembelea, akaipiga picha ile kwa simu, kisha akagusa pale penye wekundu.

"Dada, hapa ndipo nilipokuwa?"

"Hapo hapo."

"Nilikuwa nalia?"

"Ulikuwa unanyonya kidole, macho yote kwa Mwaitu."

Akacheka, akafuta machozi, akamlaumu Mzee Nzioka na kamera yake mbovu. Nilifungua mdomo, nikamwongezea chai. Ni maneno machache tu anayonidai, na jioni alipanda gari akarudi kwake bila kuyasikia.