Karamu ya Kumpokea Binti Yangu Iligeuka Damu

Ndugu wasomaji, asalaam aleikum, na ninyi Wakristo nawasalimu kwa amani hiyohiyo. Jina langu linabaki kwa mhariri. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, Mwislamu, nimesoma mpaka darasa la nne, naishi kijiji cha ujamaa karibu na Kidete. Mume wangu ni mtu wa Tabora, fundi wa reli, kazi ndiyo iliyomleta huku akanioa. Mungu ametuachia mtoto mmoja tu, binti, hapa nitamwita Mwanaidi.

Mwanaidi anasoma chuo cha biashara Dar es Salaam. Chuo chao kilipatana na chuo kimoja cha Ulaya wabadilishane wanafunzi kwa muhula mmoja, wawili wetu waende na wawili wao waje. Mwanangu akachaguliwa. Jirani zangu wakanitania, "Mama Mwanaidi, Ulaya ipi, hii yetu ya Kilosa ya kwenda na baiskeli?" Maana huku Kilosa nako kuna kijiji kinachoitwa Ulaya. Nilicheka nao, furaha ilinijaa.

Sasa sisi watu wa huku mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba ndiye mwenye neno. Binti haolewi wala haendi safari kubwa kabla mjomba hajamshika kichwa na kumtakia heri mbele ya ukoo. Kaka yangu anaishi upande wa Mikumi, na ndiye aliyemlea Mwanaidi nilipougua kifua. Nikamwambia mume wangu, "Baba Mwanaidi, tumpelekee kaka habari kwanza." Akanijibu, "Chuo kimemuuliza baba, hakikumuuliza mjomba. Hayo ya ukoo tumeyaacha, siku hizi sote ni ndugu." Akatoa idhini peke yake. Kaka alikuja kuambiwa na kondakta wa basi, ndege imeshaondoka.

Muhula ukaisha, binti akarudi salama, alhamdulillahi. Tukachinja mbuzi, tukaita watu kwenye dua. Mwanaidi alikaa ndani na sisi akisimulia baridi ya kule, na jinsi walivyomsimamisha mbele ya darasa aeleze duka letu la kijiji linavyoendeshwa. Mwalimu akamuuliza faida inakwenda kwa nani. "Nikamwambia, mwalimu, kwanza sukari ifike." Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu.

Watu walikuwa nje wanakula pilau kaka alipoingia bila hodi. Mwanaidi akapiga magoti, akainamisha kichwa, akamtandikia miguuni skafu ya sufu aliyomletea.

"Shikamoo mjomba."

Aliikanyaga skafu. "Huyu ni nani? Mimi mwanangu sijamtuma popote."

Mume wangu akasema, "Shemeji, kaa kwanza ule, tutazungumza."

"Nile kwako, wewe uliyeshushwa na garimoshi? Umemuuza mtoto wa dada yangu kwa Wazungu. Haya muulize, mimba amekuja nayo au ameiacha hukohuko?"

Mume wangu akaokota spana yake ndefu ya reli akampiga nayo usoni. Nilisikia taya likivunjika. Meno yalidondoka mkekani. Kaka akapepesuka mpaka mlangoni, mkono wake ukakutana na panga tulilokatia nyama. Mwanaidi aliinua kichwa wakati huo, panga linamshukia baba yake. Akanyanyua mkono kulizuia. Likapita kwenye vidole, viwili vikabaki vinaning'inia kwa ngozi, damu ikanirukia machoni. Kaka hakuishia hapo. Mwanangu ameshaanguka, yeye akainua tena, akampasua mume wangu bega.

Watu wakaingia wakamwona mwenye panga tu. Wakamburuta nje wakampiga kwa mipini ya majembe, kichwani, mgongoni, popote. Nikamlalia. Mtu akanipiga ubavuni akisema, "Toka mama, tummalize huyu." Sikutoka. Nilisoma shahada mdomoni nikijua tunakufa wote wawili.

Hatukufa. Kaka yuko mahabusu Kilosa, taya limefungwa waya. Mume wangu mkono haupandi. Mwanaidi vile vidole wamevikata, sasa anajifunza kuandika kwa kushoto ili arudi chuoni. Ananiambia, "Mama, mjomba alikuja kuniua." Mwanangu alikuwa ameinama, pigo la kwanza hakuliona. Niliyeliona ni mimi, na hao wawili wenyewe.

Kesi inasikilizwa wiki ijayo na mimi nimeitwa shahidi. Mume wangu amenikalisha chini. "Utasema aliingia na panga. Spana hakuna aliyeiuliza, taya wanadhani lilivunjwa na mipini, na wewe usiitaje. Ukiitaja, nenda Mikumi ukaishi na ndugu zako." Jioni hiyohiyo wazee wa ukoo wakaja. "Utasema kaka yako alipigwa akajitetea, basi. Pigo la pili la panga usiliseme. Ukimfunga, siku ukifa wakuzike Tabora."

Kila upande unataka nusu yake, na mimi nitaapa kwa msahafu. Nikitoa nusu ya mume wangu, nimemzika kaka yangu na uongo. Nikitoa nusu ya ukoo, nimemgeuka mwanangu aliyekatwa mbele ya macho yangu. Nikisema yote, huenda wakafungwa wote wawili, na Mwanaidi atajua kwamba pigo lililomkosesha vidole lilianzia kwa baba yake anayempenda kuliko mtu yeyote. Nasali, naomba.

Ndugu zangu, mama zangu, mashehe na mapadri mnaosoma ukurasa huu, nishaurini nifanye nini. Hakimu atakaponiambia, "Mama, tueleze ilivyoanza," nianze na spana au nianze na panga?