Nyumba Ambayo Haikutosha Kwenye Boksi

Harufu ya tapentaini ikinipata popote, hata kwa fundi wa milango hapa Kawangware ninakoishi sasa, hunirudisha moja kwa moja Kianda, Kibera, nikiwa na miaka kumi, nimeketi kwenye tuta na kipande cha boksi magotini. Baba aliandika mabango ya vioski, na rangi zilizosalia mikebeni alinipa mimi. Likizo ile ya Agosti nilipanda tutani kila jua lilipolegea, nichore safu ya nyumba zetu. Kuchora nje kunakera. Vumbi linaganda kwenye rangi mbichi, upepo unapindua boksi, na kivuli ulichokianza kimeshahama kabla hujachovya brashi tena. Moshi wa jiko la Mama Atieno, jirani yetu muuza mandazi, ulikuwa ukimeza mwisho wote wa safu. Lakini kabla jua halijazama, mabati yenye kutu yaliwaka rangi ya chungwa, na nikifanikiwa kuinasa rangi ile nilihisi mtaa mzima ni wangu. Sijawahi kuwa tajiri vile tena.

Boksi lenyewe lilikuwa fupi, nyumba za mwisho hazikuingia. Na kwetu, mtu anayesimama mbali akikodolea nyumba macho huku mkono ukienda si msanii. Ni mpimaji, na nyuma yake huja alama nyekundu milangoni, kisha tingatinga. Mama Atieno alipita na mtungi wa maji, akachungulia begani kwangu.

"Na yangu iko wapi?"

"Haikutosha."

"Haikutosha ama imetolewa? Nani amekutuma, wewe?"

Giza halijaingia, mtaa ulishaamini kwamba nyumba zisizo pichani zitabomolewa, na kwamba Baba, mtu wa rangi, ndiye aliyepewa kazi ya kutia alama. Walijaa mlangoni kwetu. Baba aliapa mpaka sauti ikakauka. Mama Atieno alininyang'anya picha akaisukuma jikoni mwake, chini ya karai la mandazi, na rangi ikafanya moto uruke. Mwenye ploti, aliyetupangisha chumba, alikuja akasema, "Baba Awino, hama tu. Hapa kwangu sitaki noma." Tukahamia Kawangware, ambako hakuna aliyemjua Baba wala mabango yake. Hakunipa rangi tena. Niliwachukia watu wale, na sitadanganya kwamba nimemaliza.

Tingatinga lilikuja miaka mingi baadaye, bila msaada wa brashi yangu, likafyeka safu yote kupisha barabara. Majuzi Mama Atieno, mvi tupu, alinifuata Riruta ninakochorea watu picha kando ya njia.

"Awino, si unichoree ile nyumba yangu? Sina picha yake hata moja."

Nilimpa kiti. Nyumba nilizozichora nazikumbuka bati kwa bati, kutu kwa kutu. Nilipoifikia yake nilifumba macho, nikatafuta, nikaona moshi tu.